Maeneo Machache: Tanga Ndani ya Mabano ya Utabiri

Ukitaka kujua serikali inavyoigawa nchi kichwani mwake, weka pembeni ramani ya mikoa na usikilize utabiri wa hali ya hewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, inazungumza kwa kanda. Iko kanda ya Ziwa Victoria, iko kanda ya kati, ziko nyanda za juu kaskazini mashariki ambazo ni Arusha, Manyara na Kilimanjaro. Halafu iko pwani ya kaskazini, na ndani ya mabano ya hiyo pwani utakuta Dar es Salaam, Pwani, kaskazini mwa Morogoro, Unguja, Pemba na Tanga. Tanga yote. Maana yake Lushoto, ambako mwezi wa saba mtu anaota moto huku amevaa koti, nayo ni pwani, sawasawa na Kigamboni.

Nimefanya kazi chumba cha habari kwa miaka kadhaa, na najua kipengele cha hali ya hewa ndicho kinachokatwa kwanza muda ukibana. Pengine ndiyo maana hatukisomi kama tunavyosoma maandishi mengine. Lakini hebu kisome. Utabiri wa wiki una msamiati wake, una mizani yake, na una viitikio: hali ya mawingu kiasi, vipindi vya jua, mvua katika maeneo machache, upepo wa pwani unaotarajiwa kuvuma kutoka kusini mashariki. "Maeneo machache" ndilo fumbo kuu. Ni maneno ya mtu mwangalifu ambaye anajua mvua itanyesha lakini hawezi kukuambia ni kwako au kwa jirani. Msomaji wa fasihi angeyaita tafsida. Kwa mtaalamu ni ukweli mtupu.

Sasa mchukue msikilizaji wa Hale. Hale ni mji mdogo wa wilaya ya Korogwe, kwenye barabara ya Segera kwenda Tanga, pale Mto Pangani unapoacha mbuga na kuanza kuporomoka kuelekea baharini. Kaskazini yake iko Usambara, vipande viwili vilivyotenganishwa na bonde la Luengera. Kusini ng'ambo ya mto ni Handeni, nchi ya Wazigua. Mashariki ni Muheza na Wabondei, halafu bahari. Kwenye ramani ya utabiri Hale iko pwani. Ukisimama pale uangalie juu, iko mlimani. Na ukiuliza maji yanayopita mbele yako yametoka wapi, jibu ni Kilimanjaro na Meru, yaani kanda nyingine kabisa.

Swali langu hapa ni la kihistoria: nani, kwa nyakati tofauti, alikuwa na haki ya kuwaambia watu wa eneo hili kwamba mvua inakuja? Maana hilo halijawahi kuwa jambo dogo kwao.

Tuanze juu milimani, Vuga, makao ya Wakilindi. Mwanzo wa ukoo huo uko kwenye mojawapo ya vitabu vya kale vya nathari ya Kiswahili, *Habari za Wakilindi* cha Abdallah bin Hemedi al-Ajjemy, kilichoanza kuchapishwa kwa vipande mwishoni mwa karne ya 19 na wamisionari wa Magila, huko huko Muheza. Mbega mwindaji anafukuzwa Ngulu, anapanda Usambara, anawagawia watu nyama, anakuwa mfalme. Hiyo wengi tunaijua. Kisichosemwa sana ni kwamba uzao wake ulitawala pia kwa mvua. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyefanya utafiti Usambara kuanzia miaka ya 1960, alionyesha kwamba fikra zote za siasa za Washambaa zilizunguka maneno mawili: *kuzifya shi*, kuiponya nchi, na *kubana shi*, kuiharibu. Mfalme mmoja mwenye nguvu, anayepata kodi yake yote, mvua ni yake naye anaitoa. Wakuu wawili wanaoshindana, kila mmoja anatumia mvua yake dhidi ya mwenzake, nchi inaharibika.

Kwa hesabu hiyo enzi ya Kimweri ye Nyumbai ilikuwa ya uponyaji. Ndiye mfalme ambaye Krapf alimtembelea mwaka 1848, mamlaka yake yakishuka kutoka milimani hadi pwani yenyewe. Alipofariki mwaka 1862 nchi ikapasuka: Semboja akiwa chini Mazinde, kwenye njia ya misafara, warithi wa Vuga wakiwa juu, bunduki na biashara ya watumwa katikati yao. Njaa ya nyakati kama hizo Mshambaa hakuihesabu kuwa hali ya hewa. Aliihesabu kuwa siasa. Unaweza kucheka, lakini fikiria: vita ikizuia watu kulima mabondeni na kuhifadhi chakula, mvua ikichelewa wiki tatu tu inaua. Mvua ileile, enzi ya amani, ingekuwa usumbufu tu. Kwa hiyo waliosema mfalme ameiharibu nchi hawakuwa mbali na ukweli.

Ng'ambo ya mto hadithi ni chungu zaidi.

Miaka ya 1830 ukame mkali uliishika nchi ya Wazigua. Simulizi zilizohifadhiwa na kizazi baada ya kizazi zinasema watu waliteremka pwani kutafuta chakula. Wapo waliojiuza, wapo waliouza watoto, wapo walioahidiwa kazi na chakula ng'ambo ya bahari wakapanda majahazi kwa miguu yao wenyewe. Majahazi yaliwashusha pwani ya Somalia, wakawa watumwa wa mashamba ya bonde la Shabelle. Baadaye kundi lao lilitoroka, na simulizi hizo zinamkumbuka mwanamke aitwaye Wanankhucha, mganga na mtabiri, aliyewaongoza wakidhamiria kurudi nyumbani. Walifika Mto Juba. Hapo, inasemwa, ardhi ilitetemeka, naye akaisoma ishara hiyo kwamba wakae palepale. Wakakaa. Wakalima misitu ya Juba, wakaendelea kusema Kizigua.

Walikaa zaidi ya miaka mia na hamsini, mpaka vita ya Somalia ya mwaka 1991 ikawatoa tena. Baadhi yao walipokelewa Tanzania, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakapewa makazi Chogo. Chogo iko wapi? Handeni. Walirudi kwenye wilaya ileile ambayo mababu zao waliihama kwa sababu ya mvua iliyokosa kunyesha, lugha ikiwa bado mdomoni. Wengine walipelekwa Marekani na huko nako Kizigua kinasemwa. Sijui kama kuna mahali pengine Afrika Mashariki ambapo ukame mmoja umeandika safari ndefu kiasi hicho. Huwa naikumbuka Chogo kila ninaposikia mtu akisema hali ya hewa ni kitu cha kuzungumzia pale mazungumzo yanapoisha.

Pwani kwenyewe kulikuwa na utabiri wa aina nyingine, wa hesabu. Watu wa Pangani, Tanga na visiwani walikuwa na mwaka wa jua wa siku 365 unaoanza Siku ya Mwaka, Nairuzi, ukigawanywa katika miongo ya siku kumi kumi. Mkulima alijua mwongo wa kupanda, nahodha alijua mwongo wa kufunga safari. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walihesabu safari kwa siku tangu Nairuzi. Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari wa karne ya 15, aliandika hivyo. Kaskazi ilete majahazi kutoka Uarabuni na India, kusi iyarudishe, na katikati ya pepo hizo mbili kuna kipindi cha tanga mbili, upepo usioeleweka, ambapo mwenye akili hukaa bandarini. Mwaka huo hauna siku ya nyongeza, kwa hiyo husogea siku moja kila baada ya miaka minne. Ndiyo sababu Mwaka Kogwa wa Makunduchi siku hizi uko Julai, na ndiyo sababu hesabu ya miongo isiporekebishwa inamdanganya mkulima polepole, kizazi kwa kizazi, bila yeye kutambua.

Hesabu hiyo ilijua misimu. Ajali haikuijua. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuvunja minazi na mikarafuu kwa sehemu kubwa, kikazamisha meli za Sultan Barghash bandarini. Pemba, umbali wa safari fupi tu, ilisalimika karibu yote, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa nchi ya karafuu. Hiyo ndiyo maana ya "maeneo machache" ikifikishwa mwisho wake: uchumi wa visiwa viwili ulibadilishana nafasi kwa sababu ya njia aliyopita mgeni mmoja.

Wajerumani walikuja na vipimo. Mwaka 1902 walianzisha taasisi ya utafiti wa baiolojia na kilimo Amani, Usambara Mashariki, na rekodi ya mvua ya Amani ni miongoni mwa za zamani zaidi nchini. Inaonyesha jambo ambalo wenyeji hawakuhitaji kuambiwa: mlima unapigwa na upepo wa bahari, hewa yenye unyevu inapanda, inapoa, inamwaga. Amani, kwenye mwinuko wa mita 900 hivi, hupata karibu milimita 1,900 kwa mwaka. Zunguka nyuma ya milima hadi Mkomazi, nchi ya kivuli cha mvua, na unapata chini ya nusu ya hizo. Katikati ya Amani na Mkomazi hakuna hata safari ya siku moja kwa gari.

Ila kipimo si ufahamu. Kabla hata ya Amani kuanzishwa, walowezi wa Kijerumani walikuwa wameuona msitu ule mnene na mvua ile, wakasema hapa kahawa itastawi kuliko mahali popote. Wakafyeka. Udongo uliokuwa ukiulisha msitu ukaonekana ni maskini, na kahawa ya Usambara Mashariki ikafa. Kilichowaokoa kilikuwa mmea ambao haujali utabiri wa mtu. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na ikafika Tanga ikiwa hai 62 tu. Kutoka hiyo 62 yakaja mashamba yaliyolizunguka eneo lote la Hale, Korogwe na Muheza, na kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa ikizalisha tani zaidi ya 200,000, ya kwanza duniani. Mkonge unasubiri mvua kwa utulivu. Manamba aliyeukata, na mahindi ya familia yake pembeni ya kambi, hawakuwa na utulivu huo.

Waingereza waliunda idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki mwaka 1929, makao Nairobi, mkuu wake wa kwanza akiwa Albert Walter aliyetokea Mauritius. Msukumo mkubwa ulikuwa ndege: Imperial Airways ilikuwa inafungua njia ya kuja Afrika Mashariki, na rubani anahitaji kujua mawingu yaliyo mbele. Kwa hiyo utabiri wa kisasa, tangu kuzaliwa kwake hapa kwetu, ulimtazama anayepita juu kabla ya kumtazama anayelima chini. Siwalaumu wanasayansi wenyewe. Walihitaji mtandao wa vituo, na mtandao hujengwa na mwenye fedha. Lakini lugha tuliyoirithi, ya mawingu kiasi na pepo za upande huu na ule, imebaki na harufu ya uwanja wa ndege.

Na huko Usambara mambo ya kuiponya nchi hayakuwa yamekwisha. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru wakulima wa milimani kuchimba matuta kuzuia mmomonyoko. Kwenye karatasi ulikuwa mpango wa kutunza mvua isiteremke na udongo. Wakulima, hasa wanawake waliobeba kazi yenyewe, waliukataa, na upinzani huo ukawa sehemu ya harakati za uhuru milimani. Serikali iliona kilimo. Washambaa waliona wakuu waliokubali kutumwa, na nchi inayobanwa.

Mwaka 1961, mwaka wa uhuru wenyewe, ulianza na ukame na njaa sehemu nyingi za Tanganyika na ukamalizika kwa vuli ya ajabu, mvua zilizopandisha kina cha Ziwa Victoria na kuendelea kukumbukwa Kenya kama mafuriko ya uhuru. Sababu yake leo inajulikana vizuri: maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, upande wetu, yakiwa na joto kuliko kawaida na ya upande wa Indonesia yakipoa, vuli yetu hufurika. Ilikuwa hivyo mwaka 1997, tukapata El Nino, neno lililoingia Kiswahili cha mtaani likiwa na maana ya mvua yoyote isiyo na adabu. Ikawa hivyo tena mwaka 2019.

Kabla ya kufika 2019, tupite Hale yenyewe, kwa sababu mwaka 1964 ilipata sababu mpya ya kuuliza habari za mvua. Kituo cha umeme wa maji cha Hale kilianza kazi mwaka huo, megawati 21, na laini yake ikaupeleka umeme hadi Dar es Salaam. Chini yake kidogo kilikuwepo tayari kituo cha zamani cha Pangani Falls cha miaka ya 1930, na mwaka 1995 kikaja kipya cha megawati 68. Juu kabisa, mpakani mwa Kilimanjaro na Manyara, bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa miaka ya 1960 kushika maji ya Kikuletwa na Ruvu. Yaani mto ukawa na mlango. Tangu hapo maji ya Hale yakawa na watabiri wawili: mawingu ya Kilimanjaro na mtu anayefungua lango. Kati ya lango na mitambo kuna kinamasi cha Kirua kinachoyachelewesha maji, halafu Mkomazi na Luengera zinaingia kutoka Usambara karibu na Korogwe, na hizo hazina lango.

Hapo ndipo kanda za utabiri zinapomsumbua mtu wa Hale. Angalizo la mvua kubwa likitolewa kwa pwani ya kaskazini, linamhusu. Likitolewa kwa nyanda za juu kaskazini mashariki, yeye hayumo kwenye mabano, lakini maji ya huko yatapita kwake. Na mvua iliyoshuka Lushoto usiku, ambayo kwenye taarifa ni sehemu ya pwani, itafika Korogwe na mkondo wenye udongo mwekundu ilhali Hale hakuna aliyeona tone.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 Tanzania ilibaki na vituo vyake na ikaanzisha kurugenzi yake ya hali ya hewa mwaka uliofuata. Mwaka 1999 ikawa wakala, mwaka 2019 ikawa mamlaka kamili kwa sheria. Oktoba ya mwaka huo huo ndipo mvua za vuli zilipoipiga Handeni na Korogwe. Watu walikufa, na barabara ya Handeni kwenda Korogwe ikakatika. Wilaya iliyowatoa watu wake hadi Somalia kwa ukame ikawazika wengine kwa maji.

Kwa haki lazima niseme utabiri wa leo si wa kudharauliwa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaikaribia pwani, TMA ilikifuatilia siku baada ya siku, ikakitaja kwa jina, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa kabla hakijafika, nacho kikaingia Mafia tarehe 4 na kufifia. Linganisha na watu wa Unguja mwaka 1872 walioamka siku ya kawaida ya masika. Hilo ni jambo kubwa, na lilifanyika kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwa ngazi tatu za Angalizo, Tahadhari na Tahadhari Kubwa.

Ninachodai ni kidogo zaidi ya hapo. Utabiri uliomwona mwenye boti wa Mafia bado haujampata mwenye shamba la mahindi kandokando ya Luengera. Upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, maneno yanayosomwa karibu kila wiki ya kusi kwa ajili ya Tanga, kwake ni habari za nchi nyingine. Kwake mtu wa Hale utabiri kamili wa wiki ni taarifa tatu azisikilize kwa pamoja: ya pwani ya kaskazini kwa ajili ya anga lake, ya Kilimanjaro kwa ajili ya mto wake, na ya tatu, ambayo haimo kwenye mabano yoyote, ya wingu linalokaa juu ya Usambara saa kumi jioni.